Mashine Kwanza, Daraja Baadaye

Kusokota usumba, zile nyuzi za makumbi ya nazi, kwa gurudumu la zamani si kazi ya mtu mmoja. Mmoja huketi akizungusha gurudumu, na wawili hufunga mafungu ya usumba kiunoni, wakarudi kinyumenyume bega kwa bega, kila mmoja akivuta uzi wake kwa vidole, mpaka wafike mwisho wa uwanja. Hapo nyuzi zao mbili husokotwa pamoja zikawa kamba moja, nao wakaanza upya. Ukikosa mwenzako wa kwenda naye mwendo mmoja, kamba inatoka na mavimbe, na tajiri mwenye uwanja anafoka mchana kutwa. Vilasini alimpata mwenzake juma lile lile alipoolewa kijijini Puthenkari, na hakumbadilisha tena.

Mwenzake aliitwa Thankamani, ila watu wote walimwita Mani. Alikuwa mzaliwa wa ng'ambo, yaani upande wa mashariki wa mfereji mkubwa unaotoka ziwani. Vilasini aliletwa bibi harusi upande wa magharibi, nyumbani kwa Divakaran mgema. Siku hizo viwanja vyote vya kusokotea vilikuwa ng'ambo, karibu na mabwawa ya kulowekea makumbi, kwa hiyo Vilasini ndiye aliyekuwa akivuka kila asubuhi kwa mtumbwi wa Kuttappan mvushaji.

"Huyu ndiye mke wa mgema?" Mani aliuliza asubuhi ya kwanza, mdomo umejaa tambuu. "Mbona mwembamba hivi? Tukimfunga usumba kiunoni, nani atambeba mwenzake?"

Wanawake wakacheka. Vilasini hakujua acheke nao au alie. Alifunga fungu lake, akashika uzi, akaanza kurudi nyuma. Walipofika mwisho wa uwanja, Mani aliipitisha ile kamba katikati ya vidole vyake, pole pole, kisha akatema tambuu pembeni.

"Haya," akasema. "Kesho uwahi. Sitaki mwingine."

Basi wakawa watu wa kamba moja. Mume wa Mani alikwenda Bombei kutafuta kazi, akaandika mwaka wa kwanza, akanyamaza wa pili, na hakurudi. Alimwachia binti mchanga, Ambili. Vilasini kwa upande wake hakujaliwa mtoto. Alizunguka mahekalu na mahospitali mpaka Divakaran akamwambia, "Tulia mke wangu, tumeshachoka wote wawili." Hivyo Ambili akalelewa na mikono minne. Alilala kwenye bembea ya kitambaa iliyofungwa pembeni ya uwanja, na mama zake wawili walipokuwa wakirudi nyuma na usumba wao, yule aliyekuwa karibu na bembea aliisukuma kwa kiwiko. Alipoanza kusema, alimwita Mani mama, na Vilasini akamwita mama mdogo. Ada ya shule alilipiwa na yule aliyekuwa nazo mwezi huo. Homa alikeshewa kwa zamu.

Mambo yakaja kuharibika taratibu. Tajiri wa uwanja alizeeka, na wanawe hawakutaka harufu ya mabwawa. Makumbi yakawa yanakwenda kwenye viwanda vya jimbo jirani, ambako mashine zilikuwa zikifanya kwa saa moja kazi ya watu wa siku nzima. Uwanja wa kwanza ulifungwa, ukafuata wa pili. Wasichana wakaanza kwenda kumenya kamba wa baharini kwenye mabanda ya barafu, wengine wakaenda kuuza kwenye maduka ya nguo mjini Cherthala. Mani na Vilasini wakabaki wakisokota uani kwa Mani, gurudumu likizungushwa na bibi kizee jirani, na kamba wakimuuzia mchuuzi aliyekuja anapotaka.

Ndipo serikali ya jimbo ilipoleta mpango wake. Watu waliosoma waliueleza kwa maneno marefu, lakini maana yake ilikuwa nyepesi. Badala ya kumsaidia mtu mmoja mmoja, wanawake wa eneo zima wanaojua kazi moja wangekusanywa kundi moja, ushirika mmoja. Wangejengewa jengo, wakapewa mashine za umeme, wakafundishwa huku wakilipwa, na kamba zao zingenunuliwa na shirika la serikali kwa bei isiyoyumba. Lengo, alisema ofisa aliyeletwa, ni kwamba mahali penye kazi yake ya asili pabaki na kazi hiyo, na watu wake wasilazimike kuhama.

Ofisa huyo aliitwa Prasannan. Alikuwa kijana mpole, mwenye pikipiki iliyozimika kila mahali, na alisikiliza kuliko maofisa wengi. Alikunywa chai ya kila nyumba aliyoingia. Mkutano wa kwanza ulifanyika kwenye ua wa shule, na wanawake wa pande zote mbili walikuja. Walimchagua Vilasini kuwa mwenyekiti. Mani ndiye aliyelitaja jina lake.

"Mimi nina mdomo, yeye ana akili," aliwaambia. "Mkinichagua mimi nitagombana na serikali kabla ya kiwanda kujengwa."

Shida ilikuwa mahali pa kujenga. Wasokotaji wengi walikuwa wa ng'ambo, na ng'ambo ndiko kulikokuwa na viwanja vya zamani. Lakini kanuni za mpango zilitaka lori lifike mlangoni, na lori lilifika upande wa magharibi tu. Ng'ambo hata pikipiki ya Prasannan haikuwahi kufika. Kwa hiyo jengo likapangiwa magharibi, na wanawake wa ng'ambo wakasema sawa, hatuna neno, ila tujengewe daraja la miguu.

Prasannan alikuna kichwa. "Daraja si la idara yetu," akasema. "Fedha hizi ni za jengo, mashine na mafunzo. Nikiandika daraja humu ndani, maombi yote yatarudishwa."

"Yarudishwe, yaandikwe upya," Mani akasema.

"Mama, mwaka wa serikali unafungwa mwisho wa Machi. Fedha zisipotumika zinarudi hazina, na mwakani zitakwenda kwa kundi jingine. Yako mengi yanayongoja."

Jioni hiyo Mani alivuka pamoja na Vilasini, wakakaa kwenye kibaraza cha Divakaran wakila muhogo na mchuzi wa samaki. Mani alikula kimya, na hilo peke yake lilikuwa dalili.

"Usitie sahihi," akasema mwishowe.

"Mani, tumengoja miaka."

"Basi tungoje na mmoja zaidi. Sisi wa ng'ambo ni wengi kuliko nyinyi. Watatuhitaji. Wakishajenga, nani atatukumbuka?"

"Mimi nitawakumbuka. Kwani mimi ni nani? Si nimevuka maji haya tangu nilipokuja hapa?"

"Umevuka ukiwa na miaka ishirini."

"Mashine kwanza," Vilasini alisema. "Tukishazipata tutakuwa na sauti. Daraja litafuata. Nitakwenda ofisi zote mwenyewe, kwa miguu yangu."

Mani akachovya kipande cha mwisho cha muhogo kwenye mchuzi. "Haya, mwenyekiti," akasema, kwa utani, akimwita hivyo kwa mara ya kwanza. "Mimi nimesema langu."

Vilasini alitia sahihi kabla Machi haijaisha.

Na kiwanda kikaja kweli, kama walivyoahidiwa. Wale wanaosema serikali haifanyi kitu hawakuwapo Puthenkari mwaka ule. Jengo lilipakwa chokaa, paa likaezekwa bati la buluu, umeme ukavutwa. Mashine zikaletwa na lori, zikapangwa safu mbili, na mwalimu akaja kutoka chuo cha serikali kuwafundisha. Kila mwanamke alipewa mashine yake. Unaketi kwenye kiti, unalisha usumba, na uzi unatoka wenyewe ukijizungusha kwenye kibiringo.

Mani aliichukia wiki nzima. "Nimerudi nyuma maisha yangu yote," alilalamika, "leo naambiwa nikae. Makalio yangu hayajazoea." Alikata uzi, akaunga, ukakatika tena. Mwalimu alidhani atamshinda. Lakini mwezi haukuisha kabla mashine ya Mani kuwa ndiyo inayojaza vibiringo haraka kuliko zote, naye akawa anaiongelesha kama ng'ombe wa maziwa, akiibembeleza na kuitukana.

Malipo yalikuja kila wiki bila kukosa. Wanawake waliokuwa wamekwenda kumenya kamba wakarudi, mikono yao imechubuliwa na barafu. Vilasini alijenga choo cha matofali. Mani alimnunulia Ambili cherehani, naye akawa anashona blauzi nyumbani na siku nyingine akienda dukani mjini. Wageni walianza kuletwa kuangalia: wanafunzi, watu wa benki, wanawake wa wilaya nyingine. Vilasini alijifunza kusimama mbele yao na kueleza. Aliipenda sauti yake mwenyewe siku hizo, na si kosa. Mtu aliyekaa kimya miaka mingi akisikilizwa, huonja utamu.

Kuhusu daraja, alianza vizuri. Alikwenda kwa halmashauri ya kijiji, wakamwambia ni jambo la mradi. Alikwenda ofisi ya mradi, wakamwambia ni jambo la idara ya ujenzi. Idara ya ujenzi wakamwambia alete ombi kutoka halmashauri. Mwaka wa kwanza alizungukia ofisi hizo mpaka makarani wakamjua kwa jina. Mwaka wa pili alikwenda mara chache. Mwaka wa tatu kiwanda kilipata tuzo ya jimbo, kukawa na safari, hotuba na picha, na kila alipokumbuka daraja alijiambia atakwenda baada ya sikukuu ya Onam, kisha baada ya mavuno, kisha baada ya ukaguzi. Wanawake wa ng'ambo waliendelea kuvuka kwa mtumbwi, asubuhi na jioni. Wengine walisema maneno. Mani hakusema. Labda kama angesema mambo yangekuwa mengine. Alimjua rafiki yake, alijua kwamba aibu inamuuma, akamwachia.

Mwaka wa nne ikaja habari ya awamu ya pili. Serikali ingeongeza mashine na kujenga ghala, lakini kwa makundi machache tu, yale yaliyoonyesha kwamba wafanyakazi wake wapo na wanafanya kazi. Wakaguzi wangetoka mji mkuu wa jimbo kuja kuhesabu watu kwenye mashine. Siku iliyopangwa ikaangukia Juni, mvua kubwa zilipokuwa zimeshashika.

Usiku kucha ilinyesha. Asubuhi mfereji ulikuwa umefura rangi ya kahawia, ukibeba matita ya magugumaji yaliyong'oka ziwani, makubwa kama vitanda. Vilasini alifika kiwandani na mwavuli uliopinduka, akawakuta wa magharibi wote wapo. Safu ya ng'ambo ilikuwa tupu. Akampigia Mani simu.

"Shoga, maji ya leo si ya kuchezea," Mani alisema. "Kuttappan amefunga mtumbwi wake. Anasema havushi mtu, hata aje waziri."

"Wageni wameshatoka mjini, Mani. Wakikuta safu nzima tupu wataandika kwamba sisi ni kundi la nusu."

"Waambie kuna mvua."

"Wao wanajua nini mvua? Wanahesabu viti." Vilasini alisikia sauti yake ikipanda, akaishusha. "Njooni hata wachache. Njoo wewe. Ukija wewe, wengine watakufuata."

Kwa nyuma ilisikika mvua ikipiga bati, na Ambili akiuliza ni nani.

"Haya," Mani akasema. "Ila ukiniona nimelowa usinicheke."

Aliazima mtumbwi mdogo wa jirani, ule wa kubebea majani ya ng'ombe. Wawili walimfuata: Sulochana, na msichana mmoja mgeni kazini. Mani ndiye aliyeshika pondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi. Haya yalisimuliwa baadaye na Sulochana, na aliyasimulia mara nyingi kwa sababu watu hawakuacha kumuuliza. Alisema mpaka katikati walikwenda vizuri, na Mani alikuwa akiwafanyia mzaha wa wakaguzi, akiigiza wanavyotembea na suruali zao wamezikunja. Kisha tita la magugumaji likaja kwa ubavu. Mani aliligusa kwa pondo kulisukuma, pondo likazama ndani yake na halikutoka, na mtumbwi ukageuka chini yao kama mtu anayejigeuza usingizini. Sulochana alimshika yule msichana kwa nywele, wakachukuliwa na maji mpaka kwenye mizizi ya mikadi ukingoni. Mani alijua kuogelea kuwazidi wote. Lakini alitokea chini ya magugu, na nguo zake zilikuwa nzito.

Kiwandani wageni walikuwa wamefika. Wamevishwa mashada ya maua, wamepewa chai na ndizi za kukaanga, na Vilasini amesimama mbele yao akieleza jinsi mashine inavyolishwa. Alimwona Sulochana mlangoni. Hana viatu, nywele zimemgandia usoni, amesimama tu. Mmoja wa wageni akatabasamu akidhani ni mfanyakazi aliyechelewa. Vilasini akamtazama nyuma yake, mlangoni, kuona nani mwingine anaingia. Hakuingia mtu. Ndipo akaangusha usumba uliokuwa mkononi, akakimbia.

Kuttappan ndiye aliyempata, alasiri, baada ya wanaume kuyakata magugu kwa mapanga. Alimpakia kwenye ule mtumbwi aliokuwa ameufunga asubuhi, akamvusha kumrudisha upande wake, akilia kwa sauti kama mtoto.

Walimchoma kusini ya nyumba, kama desturi yao kwa maiti, chini ya maturubai kwa ajili ya mvua, kuni zikitoa moshi mwingi kuliko moto. Prasannan alikuja na pikipiki yake mpaka ukingoni, akavuka, akasimama nyuma ya watu wote. Vilasini alikaa sakafuni miongoni mwa wanawake wa nyumba, mahali pake pa siku zote, na hakuna aliyemwondoa. Alingoja Ambili amtazame. Alikuwa na maneno aliyoyapanga njia nzima.

Watu walipopungua, Ambili alikuja akachuchumaa mbele yake. Macho yake yalikuwa makavu.

"Alikuwa hatoki," alisema, taratibu, kama anayemweleza mgeni. "Alishaweka uji jikoni. Alisema leo tutashona wote wawili, nitakukatia mikono ya blauzi. Kisha simu ikalia."

"Mwanangu."

"Nataka tu ujue kwamba alikuwa hatoki."

"Mwanangu, mimi sikujua kwamba..."

"Ulijua, mwenyekiti," Ambili alisema. "Ulivuka maji hayo miaka yote. Nani angejua kama si wewe?"

Akainuka akaenda kumsaidia jirani kukusanya vyombo. Lile neno mwenyekiti lilibaki pale sakafuni. Kutoka siku hiyo hakumwita tena mama mdogo.

Magazeti yaliandika. Picha ya magugumaji, picha ya jengo la bati la buluu, picha ya Mani iliyokatwa kwenye picha ya tuzo, akicheka, ubavuni mwake umeonekana mkono wa Vilasini bila mwenyewe. Na lile daraja lililokuwa si la idara hii wala ile, sasa likawa la kila idara. Wapimaji walikuja maji yakiwa bado hayajapungua. Kabla mvua za mwaka uliofuata hazijaanza, lilikuwa limesimama: zege jembamba, reli za chuma, upana wa watu wawili. Jiwe lake limeandikwa majina ya waheshimiwa. Na awamu ya pili nayo ikaja, kwa kuwa wakaguzi waliandika vizuri. Walichokiona kabla ya Sulochana kuingia kiliwaridhisha. Ghala likajengwa, mashine zikaongezwa.

Siku ya kulizindua daraja walimwomba Vilasini aseme machache. Alisema anaumwa. Alikaa jikoni na Divakaran, wakisikia spika kutoka kwa mbali, maneno yakipotea nusu.

"Kama ningekataa kutia sahihi," alimwambia mumewe, "leo tungekuwa hatuna kiwanda wala daraja, lakini yeye angekuwapo."

Divakaran alikuwa akisugua magoti yake mafuta. Magoti ya mgema huzeeka kabla ya mwenyewe. "Labda," akasema. "Au angekuwa kwenye mabanda ya barafu."

"Angekuwapo."

"Ndiyo," Divakaran akakubali. "Angekuwapo."

Prasannan alikuja kuaga alipohamishwa. Hakunywa chai yake. Alisema kwamba siku ile ya mkutano angeweza kuandika barua ya pili, ya daraja peke yake, akaipeleka mwenyewe idara ya ujenzi, na kwamba alifikiria kufanya hivyo akiwa njiani kurudi, kisha pikipiki ikazimika na mawazo yakaenda kwingine. Vilasini alimwambia asijitese. Hata yeye alishangaa jinsi ilivyokuwa rahisi kumsamehe huyu, wakati nafsi yake hakuweza kuipa hata nusu ya maneno hayo.

Uenyekiti aliuacha. Mashine hakuiacha, kwa sababu walihitaji kula. Na kwa kanuni ya ushirika, mashine ya mwanachama aliyefariki hupewa mrithi wake akiitaka. Wote walidhani Ambili hataitaka. Asubuhi moja akatokea, kanga ya kazi imefungwa kiunoni, akaketi kwenye kiti cha mama yake, akawasha. Vilasini alikuwa amekaa upande wa pili wa njia. Alimfundisha? Hapana, Sulochana ndiye aliyemfundisha. Ambili alikata uzi, akaunga, ukakatika tena, na Vilasini alikaa akitazama mikono yake mwenyewe.

Wamekaa hivyo miaka sasa. Ambili hana ukali. Akihitaji kibiringo husema, "Naomba hicho." Vilasini akikohoa kwa vumbi, Ambili hufungua dirisha la upande wake, bila kumwangalia. Alipoolewa alipeleka mwaliko kwa kila nyumba ya wanachama, na kwa Vilasini pia, kadi sawa na za wengine. Vilasini alikwenda, akakalishwa pamoja na watu wa kiwandani, akapewa chakula kwenye jani la mgomba kama wageni wote, akala mpaka mwisho kwa sababu kuacha ni dharau. Aliyemwongoza bibi harusi kwa mkono alikuwa shangazi wa Bombei, ambaye Ambili alikutana naye mwezi huo huo.

Mwaka jana walikuja wanawake wa Kaithakkad, kijiji kilicho kusini zaidi kwenye mfereji huo huo. Nao mpango uliwafikia. Nao wana maji katikati, na jengo limepangiwa upande wenye barabara. Walitaka ushauri wa mtu aliyepitia. Vilasini aliwaketisha kibarazani, akawaambia neno moja tu: wasitie sahihi mpaka daraja liandikwe. Walimwelewa. Walirudi wakakataa. Ofisa wao alijaribu, wakashikilia. Machi ikafungwa. Fedha zikaenda kwa kundi la wilaya nyingine, na Kaithakkad mpaka leo haina jengo wala daraja. Wasichana wao wanapanda basi la alfajiri kwenda kumenya kamba wa baharini.

Mmoja wa wale wanawake alikutana na Vilasini sokoni, akamsimamisha mbele ya kapu la samaki.

"Nyinyi mmepata, dada," alimwambia. "Mmeshashiba. Sisi ukatuambia tukatae."

Vilasini alitaka kumweleza. Lakini maelezo yake mwanamke huyu asingeweza kwenda nayo nyumbani na kuwapikia watoto. Alimwomba radhi. Kisha akanunua dagaa wa Divakaran, akashika njia ya ukingoni. Saa ya kutoka kazini ilikuwa imefika. Wanawake wa ng'ambo walikuwa wakivuka darajani wawili wawili, wakizungumza, wengine wakisukuma baiskeli, na Ambili miongoni mwao, mjamzito wa miezi ya mwisho, mkono mmoja kwenye reli. Vilasini alisimama akamtazama akivuka. Alipofika upande wa pili bila kugeuka, Vilasini alihamisha kapu mkono mwingine, akaenda zake kupika.